Maneno Matatu Nje ya Kioo

Mashine yangu ya fotokopi haijui kusoma.
Inameza nuru, inatema karatasi, shilingi mia.
Gazeti ni pana, kioo ni chembamba;
nilipoulaza ukurasa wa tano
niliusogeza kidogo, habari ienee yote,
na maneno matatu yakabaki nje,
kifudifudi juu ya plastiki:
Na Somoe Likapa.

Ulikuwa msimu. Newala nzima ilinuka mabibo.
Magazeti yanayotufikia huku juu ni saba,
gari likichelewa ni saba ya jana,
na habari ilihusu mzani wa ghala letu
unaokula kilo mbili kila gunia, kisha unafuta mdomo.
Nani angengoja?
Foleni ilifika hadi kwa muuza vocha.
Nakala mia mbili na arobaini kabla ya adhuhuri;
wino ukaisha, nikaitikisa katriji kama kibuyu.

Wa Kitangari alibeba kumi.
Wa Mkoma aliipiga picha,
picha ikazunguka simu kwa simu,
jioni ikanirudia imevaa kanzu ya mtu:
"Imeandaliwa na Mwalimu Nanguku. Sambaza."
Nikasambaza.

Mzani ulikaguliwa. Nisiseme uongo, ulikaguliwa,
makarani wawili wakahamishwa,
nami nikatembea sokoni kifua mbele.

Wiki ya pili akaingia dada mmoja,
viatu vimejaa vumbi jekundu,
akaomba nakala ya ile habari ya mzani.
"Ya Mwalimu? Mia."
Akalipa. Akaisoma amesimama,
kidole kikipanda juu, juu zaidi,
mpaka karatasi ikaisha.
"Jina langu limelala wapi?"

Hakupiga kelele. Bora angepiga.
Alinihesabia: safari nne za bodaboda kwenda ghalani,
usiku mmoja kwa shangazi asiye na chandarua,
na mhariri aliyelipa elfu thelathini kwa ile ya kwanza
sasa ya pili haitaki:
"Mambo yako watu wanayo tayari simuni."

Nikajitetea. Nikasema elimu haiuzwi.
Nikasema mkulima hana hela ya gazeti.
Nikasema sikuiba, gazeti lile lipo,
halijapungua hata herufi.

Akaitazama kalenda ya chama cha msingi ukutani.
"Korosho ikiuzwa kangomba, bila stakabadhi,
nayo inafika sokoni, kaka.
Inaliwa, inasifiwa.
Nani atajua ilitoka shamba la nani?"

Hapo nikauona mzani wangu mwenyewe.

Nukuu kipande, akaniambia, aya moja,
mbili kama hoja inazidai,
jina mbele, gazeti, tarehe.
Ukitaka yote, omba.
"Mimi ungeniomba ningekupa,
tena ningekuletea kwa mikono yangu."
Aya ndefu au fupi? Nilitaka anipimie, kama kwa pishi.
Akacheka. Sheria yenyewe haina pishi, alisema,
ina kiasi cha haja,
na haja kila mtu anayo yake.

Siku hizi rula iko juu ya mashine.
Jina huingia kiooni kwanza,
hata kichwa cha habari kikikatika mkia.
Wateja wengine wamehamia kwa jirani,
kioo chake hakiulizi.

Jana bibi mmoja kaja kutoka Mnyambe,
mia yake imefungwa kwenye pindo la khanga,
anataka habari ya minada, yote, nzima,
wala hasomi, atasomewa na mjukuu.
Gazeti lilikuwa moja tu, langu.
Sikujua kama hii ni haja au ni wizi.
Nikazima mashine, nikamkalisha,
nikafunua ukurasa, nikaanzia juu kabisa:

"Na Somoe Likapa."

"Likapa wa wapi?" akanikatiza.

Nikatazama mlangoni.
Sikuwa nimemwuliza.